Forsyth, kaunti iliyofukuza watu wake

Sensa ya 1910 ilihesabu Weusi 1,098 katika Kaunti ya Forsyth, kaskazini mwa Georgia, Marekani. Wengi walilima pamba na mahindi kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, lakini wapo waliokuwa na ardhi yao. Joseph Kellogg alimiliki ekari zipatazo 200. Kwa watu ambao wazazi wao walizaliwa utumwani, hilo halikuwa jambo dogo.

Septemba 1912 msichana wa Kizungu alikutwa msituni karibu na Oscarville, amepigwa vibaya, baadaye akafariki. Kesho yake baada ya kukutwa, umati ulivamia jela ya mji wa Cumming, ukamtoa Rob Edwards, Mweusi aliyeshukiwa kwa shambulio hilo, ukamuua na kumtundika kwenye nguzo ya simu katikati ya mji. Ernest Knox, mwenye miaka 16, na Oscar Daniel, miaka 18, Weusi walioshtakiwa kwa kosa hilohilo, walipelekwa mahakamani mbele ya jopo la Wazungu watupu, na kesi ya kila mmoja ikamalizika siku hiyohiyo. Jaji aliagiza wanyongwe faraghani, ukajengwa uzio. Usiku ukachomwa moto. Oktoba 25 maelfu ya watu wakaja kutazama.

Hakuna sheria iliyotungwa ya kuwafukuza Weusi waliobaki. Wapanda farasi walipita usiku wakipiga risasi milangoni, wakichoma makanisa na kutega baruti. Katika muda wa miezi michache karibu wote walikuwa wamehama, wengi wakikimbilia kaunti jirani ya Hall. Waliowahi kuuza waliuza kwa bei ya kutupa. Wengine waliacha vyote, majirani wakaanza kulipia kodi mashamba hayo mpaka yakawa yao. Wizi huu ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu ulifanyika mchana, kwa kalamu na daftari la serikali.

Miaka ya 1950 Bwawa la Buford likajengwa, na maji ya Ziwa Lanier yakafunika sehemu ya Oscarville.

Januari 17, 1987, mwanaharakati wa haki za raia Hosea Williams na wenzake wachache walijaribu kuandamana Forsyth kupinga ubaguzi, wakapigwa mawe na chupa. Wiki moja baadaye walirudi watu wapatao 20,000, wakilindwa na askari. Walidai pia fidia ya ardhi. Kamati ya Weusi na Wazungu iliundwa, ikashindwa kukubaliana. Leo Forsyth ina wakazi zaidi ya 250,000, ni miongoni mwa kaunti tajiri kabisa za Georgia, na viwanja vya kando ya ziwa ni ghali mno.