Kurusha Visu Si Mambo ya Wazungu

Mathee alipata visu vyangu vitatu chini ya kitanda. Hakupiga kelele. Aliviweka tu mezani kando ya chai akaniuliza, "Hii ni nini, na umeanza lini?" Mtaani kwetu kijana mwenye kisu ni mkora hadi athibitishe vingine, kwa hivyo nilimwelewa. Nikamwelezea ni mchezo: unasimama mbele ya gogo, unarusha, kisu kinadunga ama kinaanguka. Anko alikuwa hapo. Akacheka. "Wacha mambo ya wazungu, kijana."

Ya mathee niliimeza. Ya anko ilinikaa, manze.

Kwanza elewa shida ya huu mchezo ni nini. Kisu hakiendi kama mshale. Kikitoka mkononi kinazunguka. Ukikishika kwa mpini na usimame karibu mita 3 kutoka kwa gogo, kinazunguka mara moja na ncha inafika kwanza. Ukirudi nyuma bila kupima, mpini unaweza kugonga kwanza, na kisu kinaweza kukurudia miguuni. Mwezi wangu wa kwanza wote ulikuwa hivyo. Paa! Chini. Paa! Chini.

Sasa ona vile wahunzi wa Wazande walicheza na hiyo shida. Wazande wako Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kisu chao cha kurusha kinaitwa kpinga, na hakijanyooka kama hivi vyetu. Kina ncha pana zenye makali, zinazochomoza pande tofauti kutoka kwa shina moja la chuma, kama matawi. Kikizunguka hewani, upande wowote utakaofika kwanza una nafasi nzuri ya kukata. Mimi hupima hatua kabla ya kurusha. Vitani nani ana wakati wa kupima hatua? Fundi alikuwa ameshafikiria hilo akiwa bado kwa moto.

Na si Wazande peke yao. Kuanzia pande za Chad hadi Gabon kulikuwa na visu vya kurusha, kila jamii na umbo lake. Georg Schweinfurth, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa mimea, alipita nchi ya Wazande 1870, na michoro yake ya kazi za mikono za huko ikachapishwa 1875. Kpinga zenyewe unaweza kuziona British Museum, London, na Pitt Rivers, Oxford. Yaani ziko kwa kioo huko kwao, halafu mimi huku naambiwa nimeiga.

Lakini kitu kilichonishika zaidi ni hiki. Kpinga haikuwa ya kila mtu. Ilikuwa chini ya watawala wa ukoo wa Avongara, na waliopewa ni askari wao. Askari alizibeba nyuma ya ngao yake ya kusukwa. Akitaka kurusha, alipiga kelele kwanza, ili wenzake wajue anarusha kwa kusudi, si ati anatupa silaha apate kutoroka. Chuma kilikuwa mali. Kpinga ilihesabiwa hata kwa mahari. Fikiria kurusha kitu ambacho kingekuolea mke! Mimi nikipoteza kisu kwa nyasi naumwa wiki nzima, na changu hakiwezi kununua hata jogoo.

Halafu hiyo dunia ikavunjwa. Mfalme Gbudwe, yule wageni walimwita Yambio, aliuawa 1905 jeshi la Waingereza lilipomvamia. Mji wa Yambio huko Sudan Kusini una jina lake hadi leo. Evans-Pritchard alipoishi na Wazande mwishoni mwa miaka ya 1920, vita vya wafalme alikuwa anasimuliwa na wazee. Wakati huohuo, Ulaya na Marekani kurusha visu kulikuwa onyesho la sarakasi: mtu anasimama kwa ubao, visu vinapangwa kumzunguka. Hiyo ndiyo picha iliyofika kwa simu zetu, na kwa anko pia.

Nisidanganye mtu: Kenya hatukuwa na kpinga. Huku ni rungu na mkuki. Na Julius Yego alijifunza mkuki kwa kuangalia video YouTube, akaenda Beijing 2015 akarusha mita 92.72, bingwa wa dunia. Siku hiyo anko alikuwa amesimama mbele ya TV akishangilia. Sikumsikia akisema chochote kuhusu wazungu.

Na mathee tumeelewana. Sirushi mtaani. Narusha ushago kwa shosho, gogo la mkaratusi, nyuma yake ukuta wa mawe, na mtoto yeyote akitokea nasimama. Visu husafiri vikiwa vimefungwa ndani ya begi, kwa sababu sitaki kuanza kumweleza polisi historia ya Wazande kando ya barabara.

Juzi nilimwonyesha fundi mmoja wa Kamukunji picha ya kpinga kwa simu. Aliigeuza hivi, akaigeuza vile, akaivuta karibu aone shina linaungana wapi na zile ncha. Akamwita mwenzake. Wakabishana karibu dakika kumi, mimi nimesahaulika kabisa. Mwishowe akanirudishia simu. "Aliyefanya hii alikuwa fundi," akasema. "Niachie picha."