Wavu, Kinyago na Kumbukumbu za Maonyesho

Mwaka 1988 Susan Vogel aliandaa maonyesho ya majaribio, ART/artifact, katika Center for African Art jijini New York. Katika ukumbi mmoja mweupe uliwekwa wavu wa kuwindia wa Wazande wa kaskazini mwa Kongo, ukiwa umefungwa kitita, kana kwamba ni kazi ya msanii wa kisasa. Jaribio lilidhihirisha kwamba namna ya kukiweka kitu ndiyo humwelekeza mtazamaji kukiita sanaa au chombo.

Suala hili lina uzito wake katika Maniema. Kwa Warega wa Pangi, mashariki ya Kindu, vinyago na sanamu za pembe za chama cha Bwami havikuwa vya kutazamwa tu: vilishikwa, vikapakwa mafuta, vikafafanuliwa kwa methali na ngoma mbele ya wenye daraja. Serikali ya Kibelgiji ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Vifaa vyake vingi sasa vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Orodha, picha na vibandiko vya maonyesho huhifadhi umbo, vipimo na jina la mwenye mali. Methali haimo. Daniel Biebuyck, aliyeanza utafiti wake kwa Warega mwaka 1952, alinakili mamia ya methali hizo. Mwanahistoria aisomaye orodha bila methali hukiona kinyago kama ule wavu ulivyoonekana New York: umbo lililotengwa na kazi yake. Kwa hiyo nakala za nyaraka hizo zastahili kufika Kindu, zisomwe sambamba na maneno ya wazee.