Bao la Alasiri

Jua linapoelemea upande wa Ziwa Tanganyika, na wakulima wa mpunga wa Kakese, huku Katavi, wamekwisha kunawa matope ya majaruba, utawakuta wazee, pamoja na vijana wachache waliojaliwa subira, wameuzunguka kivulini ubao mmoja wenye mashimo 32, wakicheza mchezo ambao baba zao waliucheza saa hiyo hiyo na kwa adabu ile ile. Baraza hiyo haina mwaliko wala daftari. Lakini aliyezoea kuja siku yake, asipoonekana, huulizwa habari zake kabla ya kete ya kwanza kutiwa shimoni, kwani huenda amepatwa na homa.

Waingereza nao walikuwa na mchezo wao wa jioni na wa mashimo. Walicheza gofu Entebbe tangu mwaka 1901, wakaunda klabu ya Nairobi mwaka 1906, na walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916 wakaanzisha Gymkhana, ambako maofisa waliotoka afisini walipiga mpira mpaka giza likawazuia. Klabu zile ziliandika majina ya wanachama na ya washindi, ndiyo maana tarihi yake ni nyepesi kusimuliwa. Bao halikuwa na karani. Atakaye kuijua tarihi yake sharti aitafute katika tungo za malenga na katika lugha ya wachezaji wenyewe, na kazi hiyo naiona kuwa ya heshima kubwa.

Malenga wa kwanza kumtaja ni Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, ambaye alitunga shairi juu ya bao. Wala asingalifanya hivyo lau hadhira yake haikuwa ikilijua bao kindani. Ama lugha ya wachezaji, hiyo ni hazina peke yake. Kila mchezaji ana kete 32: sita huwekwa katika shimo kubwa liitwalo nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya kulia mwake, na 22 hubaki mkononi. Hizo za mkononi hutiwa moja moja, na wakati huo huitwa kunamua. Zikiisha, ndipo mtaji huanza, mchezaji akizoa kete za ubaoni na kuzipanda shimo kwa shimo, akizunguka na kuzunguka tena maadamu kete ya mwisho imeangukia shimo lisilo tupu. Aliyeishiwa kete katika safu yake ya mbele huambiwa "hamna", na hapo hana la kusema. Kufuata mzunguko mmoja kwa macho tu, bila kugusa ubao, na kujua kete ya mwisho itatua wapi, ni ilimu ambayo Mholanzi Alex de Voogt aliifuata hadi Unguja, akakaa na mafundi, kisha akaiandikia kitabu mwaka 1995. Mafundi wale hawakuipata darasani. Waliipata kwa kukaa kando ya wakubwa zao na kutazama, jioni baada ya jioni.

Je, bao liliingiaje bara? Wengi hujibu upesi kwamba lililetwa na misafara, na kwa bao la Kiswahili jibu hilo lina nguvu, kwani njia za wafanyabiashara wa Tabora na Ujiji zilipita jirani na huku, na Stanley mwenyewe, akikwepa vita vya Mirambo mwaka 1871, alikatiza nchi ya Wakonongo ambayo leo imo katika mkoa wa Katavi. Lakini si insafu kudhani kwamba watu wa bara walingoja msafara ndipo wajue kuhesabu mbegu mashimoni: Wasukuma wana isolo yao. Nionavyo mimi, bao la pwani lilikuta wenyeji wenye vidole vilivyokwisha kuzoea. Kisha, baada ya Vita Kuu ya Pili, ikajengwa reli kutoka Kaliua hadi Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, ikakusanya wafanyakazi wa kila kabila. Na watu wasiokuwa na lugha moja ya mama huhitaji mchezo wenye kanuni moja.

Mapenzi ya bao hayakuwa ya wanyonge peke yao. Mwalimu Nyerere alilipenda. Na marhumu Sheikh Abeid Amani Karume, jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, alipigwa risasi katika makao makuu ya Afro-Shirazi huko Kisiwandui akiwa amekaa na wenzake akicheza bao. Kila niikumbukapo habari hiyo huona jinsi saa ile ya baina ya alasiri na magharibi ilivyokuwa saa ya mtu kuwa na wenziwe.

Kete za asili ni komwe, mbegu ngumu za kijivu za mkomwe, mti wa miiba upendao fukwe. Mbali na bahari, panapokosekana komwe, hata kokoto laini hukubaliwa, alimradi zitimie 64. Ikipungua moja mchezo hauanzi: huinama wote, mkubwa kwa mdogo, wakipapasa vumbini chini ya ubao, wakiharakisha kwa kuwa mwanga unawatoka.