Moto Uzimwe au Uachwe? Historia ya Uamuzi Juu ya Moto wa Msituni Katika Ardhi ya Umma ya Marekani

Babu yangu alikuwa mfugaji katika nyanda za magharibi mwa Uganda, si mbali na Ziwa Mburo. Kila mwanzo wa kiangazi alichoma majani ya malisho yake kidogo kidogo, jioni, upepo ukiwa umetulia, nasi wajukuu tukisimama pembeni na matawi mabichi mikononi. Siku moja nilimuuliza, "Babu, mbona unaharibu majani?" Alinijibu kwamba majani asiyoyachoma yeye yatachomwa na mwingine, siku asiyoichagua. Nilimkumbuka niliposoma historia ya misitu ya Marekani. Nchi hiyo yenye mali na wataalamu wengi ilichukua karibu miaka mia moja kulifikia jibu hilo, na ililipia kwa maisha ya watu.

Insha hii inajadili swali moja: moto unapowaka katika ardhi ya umma, nani huamua kama uzimwe au uachwe, na huamua kwa msingi gani? Hoja yangu ni kwamba sera za moto za Marekani hazikuzaliwa katika mipango ya siku za utulivu. Karibu kila moja ilizaliwa na msiba. Wahenga walisema moto huzaa jivu. Huko Marekani jivu nalo lilizaa sera, na mara nyingine sera hiyo ikaandaa moto uliofuata.

Kwanza tuelewe ardhi yenyewe. Serikali kuu ya Marekani inamiliki zaidi ya robo ya ardhi yote ya nchi, sehemu kubwa ikiwa magharibi, na ardhi hiyo imegawanywa kati ya idara mbalimbali. Misitu ya taifa iko chini ya Idara ya Misitu iliyoanzishwa mwaka 1905. Hifadhi za taifa ziko chini ya Idara ya Hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1916. Moto haujui mipaka hiyo. Unaweza kuanza kwa idara moja asubuhi na kulala kwa nyingine usiku, na kila idara ina malengo yake.

Kabla ya idara hizo, wenyeji wa asili walikuwa na utaratibu wao. Wakaruk na Wayurok wa kaskazini mwa California walichoma vichaka kwa majira maalumu ili wapate vijiti vizuri vya kusukia vikapu na ili njia na malisho ya wanyama yabaki wazi. Walowezi hawakuuona huo kuwa ujuzi. Mwaka 1850 jimbo la California lilitunga sheria juu ya wenyeji ambayo, pamoja na mengine, iliadhibu kuchoma nyika. Mwaka 1886 jeshi lilikabidhiwa hifadhi ya Yellowstone, na kazi mojawapo ya kwanza ya askari ikawa kuzima moto. Hivyo uamuzi ulitoka mikononi mwa waliokaa na ardhi ukaingia mikononi mwa serikali.

Msiba ulioamua mambo kwa nusu karne ulitokea tarehe 20 na 21 Agosti 1910. Kiangazi hicho kilikuwa kikavu, na mioto mingi midogo ilikuwa ikiwaka katika milima ya Idaho na Montana. Upepo mkali ulipovuma, mioto hiyo iliungana. Katika siku mbili ziliteketea ekari zipatazo milioni 3 na watu wasiopungua 85 walikufa, wengi wao wakiwa vibarua waliokodiwa kuzima moto. Karibu na mji wa Wallace, msimamizi Ed Pulaski aliwaingiza watu wake wapatao 40 katika shimo la mgodi lililoachwa, akasimama mlangoni na bastola akitisha kumpiga atakayetoka. Wachache walikufa humo ndani, lakini wengi waliokoka. Chombo chenye shoka upande mmoja na jembe upande wa pili, kinachobebwa na wazima moto hadi leo, kinaitwa kwa jina lake.

Funzo gani lilitolewa katika majivu hayo? Lingeweza kuwa hili: kuna siku ambayo binadamu hawezi kushindana na moto, basi ajiandae mapema. Viongozi wa Idara ya Misitu walichukua funzo tofauti: kama tungekuwa na watu, barabara na fedha za kutosha, tungeushinda. Wakulima na wenye misitu wa California waliotetea uchomaji mwepesi walidharauliwa, na njia yao ikapachikwa jina la kabila la wenyeji, Wapaiute, kwa kejeli. Ferdinand Silcox, aliyekuwa afisa katika eneo hilohilo mwaka 1910, alikuja kuwa mkuu wa Idara. Mwaka 1935 alitoa agizo maarufu: moto wowote unaoripotiwa udhibitiwe kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Ukishindikana, lengo liwe saa nne ya kesho yake, na kuendelea hivyo.

Agizo hilo linastahili kutazamwa kwa makini. Kwa nje lilikuwa mpango, lakini kwa kweli lilifuta uamuzi. Msimamizi hakutakiwa tena kuuliza moto huu umeanzaje, uko wapi, unaunguza nini na una faida gani. Alitakiwa kuuzima tu. Urahisi huo ulikuwa na nguvu, kwani hakuna aliyelaumiwa kwa kuzima. Vijana wa miradi ya ajira ya miaka ya 1930 walijenga barabara na minara ya ulinzi, na kuanzia mwaka 1940 wazima moto walirushwa kwa miavuli kutoka kwenye ndege. Tarehe 5 Agosti 1949, katika bonde la Mann Gulch huko Montana, moto uliwazunguka vijana hao na 13 wakafa. Hata hivyo agizo liliendelea.

Wakati huohuo msitu ulikuwa ukijaa. Kila moto mdogo uliozimwa uliacha matawi makavu, vichaka na miti michanga iliyosongamana. Katika hifadhi za Sequoia na Kings Canyon, watafiti waliona kwamba miti ya sekwoya, mikubwa kuliko yote duniani, ilikuwa haizai ipasavyo. Mbegu zake zinahitaji udongo uliosafishwa na moto. Mwaka 1963 kamati iliyoongozwa na mwanabiolojia A. Starker Leopold ilitoa ripoti iliyotaka hifadhi zitunzwe kama mazingira kamili, moto ukiwemo. Mwaka 1968 Idara ya Hifadhi ilibadili sera ikaruhusu baadhi ya mioto ya radi iachwe iwake chini ya uangalizi. Mwaka 1978 Idara ya Misitu nayo ikaliacha agizo la saa nne. Uamuzi ukarudi kwa binadamu, na lawama zikarudi pamoja nao.

Lawama hizo zilifika Yellowstone mwaka 1988. Kuanzia 1972 hadi 1987 hifadhi hiyo iliacha mioto 235 ya radi iwake. Yote kwa pamoja iliunguza ekari zipatazo 34,000 tu, na mingi ilijizimikia yenyewe. Mafanikio hayo hayakutangazwa na mtu, kwa sababu moto uliokwenda vizuri haupigwi picha gazetini. Masika ya mwaka 1988 mvua ilinyesha vizuri, na viongozi walitegemea mvua za Julai kama ilivyozoeleka. Hazikuja. Tarehe 21 Julai, ekari zipatazo 17,000 zikiwa zimeungua, viongozi waliamua kuzima mioto yote. Walichelewa. Tarehe 20 Agosti, siku ileile ya msiba wa 1910, upepo uliunguza zaidi ya ekari 150,000 kwa siku moja. Askari na wazima moto wapatao 25,000 walihusika msimu huo, na gharama ilifika dola milioni 120. Hatimaye moto ulitulizwa na theluji iliyoanguka tarehe 11 Septemba. Ndani ya hifadhi ziliguswa ekari 793,880, sawa na asilimia 36 ya eneo lake.

Magazeti na wanasiasa walisema sera ya kuacha moto uwake ndiyo iliyochoma hifadhi. Lakini tuangalie moto ulioitwa North Fork, uliokaribia kuchoma hoteli ya kihistoria ya Old Faithful tarehe 7 Septemba. Ulianza nje ya hifadhi, katika msitu wa taifa, kwa sigara ya mkata kuni, na ulipigwa vita tangu siku ya kwanza. Haukuachwa hata saa moja, na bado haukuzimika. Kosa la viongozi halikuwa kuamini kwamba moto una kazi yake. Miaka iliyofuata misonobari, ambayo baadhi ya matunda yake hufunguka kwa joto la moto tu, iliota kwa wingi katika majivu. Kosa lilikuwa kwamba mpango wao haukusema wazi: ukame ukifikia kiwango gani tuache kusubiri? Jirani yetu amekubali nini? Timu ya wataalamu iliyoteuliwa na serikali ilisema hivyohivyo. Iliunga mkono msingi wa sera, lakini ikataka mipango isimamishwe hadi iandikwe upya kwa masharti yanayopimika. Yellowstone ilipata mpango mpya mwaka 1992.

Tarehe 6 Julai 1994 wazima moto 14 walikufa katika mlima Storm King, Colorado. Mwaka uliofuata ilitolewa sera moja kwa idara zote za serikali kuu. Ilisema mambo mawili makubwa: maisha ya binadamu yatangulie kila kitu, na kila eneo linaloweza kuungua liwe na mpango wa moto ulioidhinishwa kabla ya moto kutokea. Kwa maoni yangu hapo ndipo historia hii ilipogeuka. Kuanzia mwaka 2009 miongozo inaruhusu moto mmoja uzimwe upande wenye nyumba na uachwe upande wenye msitu, na msimamizi huandika sababu za uamuzi wake katika mfumo wa kompyuta unaokadiria mwelekeo wa moto na hatari zake.

Je, basi tatizo limekwisha? La. Tarehe 4 Mei 2000 maofisa wa Bandelier, New Mexico, waliwasha moto wa makusudi ili kupunguza majani makavu. Upepo ukauchukua hadi mji wa Los Alamos, familia zipatazo 400 zikakosa makazi. Mwezi Aprili 2022, katika jimbo hilohilo, moto mwingine wa makusudi uliwatoroka waliouwasha, ukawa sehemu ya moto mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo, zaidi ya ekari 341,000. Mkuu wa Idara ya Misitu alisimamisha uchomaji wote wa makusudi kwa siku 90. Waliopoteza nyumba walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini majani hayakusimama kuota siku hizo 90.

Kwa kuhitimisha, historia hii inaonyesha kwamba katika ardhi inayoungua hakuna uamuzi usio na hatari. Anayewasha anaweza kukosea, anayeacha anaweza kukosea, na anayezima kila siku anakosea polepole kiasi kwamba kosa lake linamwangukia mrithi wake. Mpango mzuri hauondoi hatari hiyo. Unachofanya ni kuhakikisha kwamba swali gumu linaulizwa siku ya baridi, na watu wote wanaohusika wakiwepo, wakiwemo wale wenyeji ambao ujuzi wao ulidharauliwa mwanzoni. Leo Wakaruk na Wayurok wanachoma tena baadhi ya maeneo yao, na maofisa wa serikali huenda kujifunza kwao.

Hata kwetu Uganda, askari wa hifadhi huchoma majani mapema kabla kiangazi hakijakolea, na bado mfugaji anayechoma jirani na hifadhi huonekana mharibifu. Babu yangu hakuwahi kuandika mpango wowote. Lakini alikuwa na siku yake, saa yake, upepo wake na wajukuu wake wenye matawi mabichi. Huo nao ulikuwa mpango.