Vyumba sawa, mishipa kombo

Kabla ya kuwa mashine ya wajawazito, altrasaundi ilikuwa chombo cha mafundi chuma. Ilipeleka mawimbi ya sauti ndani ya bamba, na mwangwi uliorudi ukaonyesha palipo na ufa. Mwaka 1953, mjini Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walikielekeza chombo cha aina hiyo kifuani mwa mtu, wakanasa mwendo wa moyo. Miaka miwili baadaye Profesa Ian Donald wa Glasgow alipakia garini vivimbe vilivyotolewa kwa wagonjwa, akavipeleka kwenye kiwanda cha boila huko Renfrew, vipimwe kwa chombo kama hicho. Wenyeji wakamtafutia na pande la nyama ya ng'ombe, apate cha kulinganishia. Mwaka 1958 yeye, John MacVicar na mhandisi Tom Brown walichapisha matokeo yao katika jarida la The Lancet.

Moyo wa mtoto tumboni ulisubiri zaidi. Ni mdogo, hautulii, na mwenyewe hugeuka atakavyo. Mwaka 1980 Lindsey Allan na wenzake wa London walilinganisha picha za altrasaundi na maumbile ya mioyo yenyewe, hatua kwa hatua. Baadaye wapimaji wakafundishwa kutafuta vyumba vinne vya moyo, picha isiyo ngumu kuipata.

Kumbe vyumba hudanganya. Wapo watoto ambao mishipa mikuu imebadilishana nafasi: aota inatoka kulia mwa moyo, ateri ya mapafu kushoto, na vyumba vinne vinaonekana salama kabisa. Tumboni mtoto huyo hadhuriki, kwa kuwa oksijeni huipata kwenye kondo, na kuna kijia kinachoiunganisha mishipa hiyo miwili. Akishazaliwa, kijia huanza kujifunga na mwili wake hugeuka bluu. Dawa ya prostaglandini, ya kukizuia kisijifunge, imekuwepo tangu miaka ya 1970. Shida ni kujua mapema, ili mama ajifungulie karibu na wapasuaji wa moyo.

Mwaka 1997 Shi-Joon Yoo na wenzake wa Seoul, Korea Kusini, walieleza mbinu ambayo mimi naithamini kuliko mashine nyingi za bei mbaya. Kutoka kwenye vyumba, mpimaji husogeza kipimio kuelekea shingo ya mtoto, na mishipa mitatu hujitokeza kwa mstari, mkubwa hadi mdogo: ateri ya mapafu, aota, vena kava ya juu. Mpangilio ukivurugika, au aota ikionekana nyembamba kupita kiasi, ni wakati wa kumwita mtaalamu.

Nyembamba kiasi gani? Wiki ya 20 aota ina takriban milimita 3 tu, kwa hiyo nusu milimita si jambo dogo. Kipimo husomwa kwa umri wa mimba. Tarehe ikikosewa, mshipa mzima huonekana mgonjwa.

Mwongozo wa kimataifa wa wataalamu wa altrasaundi ya uzazi wa mwaka 2006 uliiweka mishipa hii kama nyongeza. Ulipoandikwa upya mwaka 2013, ikaingia katika uchunguzi wa kawaida. Nalo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Katika kipimo hichohicho mishipa mitatu inaweza kuonekana, ilimradi mpimaji amefundishwa na foleni iliyo nje ya mlango wake inamruhusu.