Anasoma bila kukwama, lakini ameelewa nini? Historia ya kisomo cha watu wazima

Ndugu zangu vijana, na ninyi mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, leo tuongee habari ya kusoma. Siyo kusoma kwa watoto. Nazungumzia wamama, wababa na makaka wa miaka 25, 30 na kuendelea ambao wamerudi darasani huku makambini. Kuna wanaosoma Kiingereza jioni, kuna wanaotafuta cheti cha sekondari ambacho vita iliwanyima, kuna wanaofanya masomo ya chuo kwa simu. Wengi wao wanajua kusoma. Mpe ukurasa, atausoma mpaka nukta ya mwisho. Sasa funika kitabu umuulize: huyu mwandishi anasema nini? Hapo ndipo kimya kinaanza.

Utasikia watu wanasema "mzee hawezi tena kushika mambo", kana kwamba ni umri au akili. Mimi sikubali, na sababu yangu iko kwenye historia ya Tanzania, nchi ambayo wengi wetu tumepitia au tuna ndugu huko mpaka leo.

Tarehe 31 Desemba 1969, Rais Julius Nyerere, ambaye alikuwa mwalimu kabla ya kuingia siasa, alilihutubia taifa akatangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kazi ilikuwa kubwa. Kwa hesabu ya sensa ya 1967, kati ya watu wazima 100, kama 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1971 chama cha TANU kikaweka lengo la kufuta hali hiyo kabla ya 1975 kwisha. Wakaanza na wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwemo, halafu nchi nzima. Walimu wa shule hawakutosha, kwa hiyo wakachukuliwa wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza shule ya msingi, kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Hebu fikiria kijana wa miaka 17 amesimama chini ya mwembe anamfundisha mtu wa umri wa babu yake. Hapo lazima uwe na adabu, na lazima ujue huyo mzee anajua mambo mengi kuliko wewe, isipokuwa herufi.

Vitabu vyao vilitokana na mradi wa majaribio ulioanza Mwanza mwaka 1968 kwa msaada wa UNESCO. Wazo lake liliitwa kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba ajifunze kusoma kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mfugaji kwa habari za ng'ombe, mtu wa Ziwa Magharibi kwa habari za migomba. Wakosoaji walisema vitabu hivyo vilitaka tu watu wazalishe zaidi, na wana haki kidogo. Lakini angalia kilichokuwa kinatokea kichwani mwa msomaji. Mkulima akifika kwenye sentensi inayosema pamba ipandwe kwa mistari, nusu ya maana tayari anayo. Maneno yanakutana na kitu anachokijua. Na kwa sababu anakijua, anaweza kubisha: "Hapana, mwaka jana nilifanya hivyo mvua ikaharibu." Mtu anayebishana na kitabu ameshakielewa. Hakuna mtihani mzuri kuliko huo.

Sasa linganisha na vitabu vinavyoletwa kwetu. Nimeona kimoja kinachofundisha jinsi ya kununua tiketi ya treni kwenye mji ambao hakuna mtu darasani aliyewahi kuuona. Wamama waliimba sentensi zote vizuri kabisa. Hakuna aliyebisha.

Jambo lingine Watanzania walilifanya vizuri ni kukubali kwamba "kujua kusoma" siyo kitu kimoja. Agosti 1975 walifanya mtihani wa taifa, na matokeo yakapangwa kwa hatua nne. Hatua ya kwanza ni kujiandikisha na kuhudhuria sehemu kubwa ya vipindi. Inayofuata ni kutambua maneno na alama. Ya tatu ni kusoma na kuandika sentensi fupi rahisi. Ya nne ndiyo kusoma maandishi kwa kuyaelewa na kuyatumia maishani, mtu aweze hata kusoma gazeti na kuweka hesabu zake. Mitihani ikarudiwa 1977, 1981, 1983 na 1986. Kutoka hatua ya tatu kwenda ya nne ndiko wengi wetu tulikokwama, tena kwa lugha ya pili au ya tatu. Mtu alianza shule kwa Kifaransa Kongo au Burundi, leo yuko Uganda anadaiwa insha ya Kiingereza. Ukimpima kwa kusoma kwa sauti utaandika kwenye ripoti yako kwamba anaweza. Mashirika, naomba mlichukue hili.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa kwenye vikundi kama 75,000, wiki kwa wiki, kwa wiki 12. Kila kikundi kilikuwa na redio, kitabu na kiongozi aliyepata mafunzo mafupi. Mpango wa kikao ulikuwa hivi: kwanza wanasikiliza kipindi cha redio, kisha anayejua kusoma anasoma kwa sauti sehemu ya kitabu inayohusu kipindi hicho, kisha wanajadili. Ugonjwa huu, malaria au kichocho au kuhara, uko hapa kwetu? Unatoka wapi? Sisi tutafanya nini? Mwisho wanakubaliana kazi. Mamia ya maelfu ya vyoo yalichimbwa nchi nzima kutokana na vikao hivyo.

Watu wa afya wanaikumbuka kampeni hiyo kwa vyoo. Mimi naitazama kama darasa la kusoma kwa kuelewa. Msomaji hakuingia kwenye kitabu kikavu kikavu, alikuwa ameshasikia habari redioni, kwa hiyo anajua anatafuta nini. Akimaliza kusoma, hakuna ruhusa ya kufunga kitabu akaenda nyumbani, kwa sababu wenzake wanamuuliza. Na asiyejua herufi hata moja alikuwa anafanya kazi ileile ya kichwa: kusikiliza hoja, kuuliza, kupinga, kuamua.

Cha ajabu ni kwamba mbali sana na hapo, na kwa watu tofauti kabisa, mtu mwingine alikuwa amefika karibu na jambo hilohilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilituma askari vyuo vikuu wakajifunze uhandisi, lugha na udaktari kwa haraka. Hao nao walikuwa watu wazima wanaobanwa na muda. Francis Robinson, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Ohio State, alitafuta njia ya kuwafanya wasome waelewe, akaitoa kwenye kitabu chake cha 1946. Njia yake inajulikana mpaka leo kwa jina la SQ3R. Kwa Kiswahili chetu: angalia, uliza, soma, simulia, rudia. Unapitia vichwa vya habari kwanza. Unageuza kila kichwa kuwa swali. Unasoma ukitafuta jibu. Unafunga kitabu na kusimulia kwa maneno yako. Siku nyingine unarudia.

Tofauti ni kwamba askari wa Robinson alikaa peke yake na kitabu chake. Mkulima wa Dodoma alikuwa na kikundi. Kwetu, ambako kitabu ni kimoja na simu yenye chaji ni moja, naona njia ya Dodoma ndiyo inayotufaa. Mmoja asome kipande, siyo ukurasa mzima. Afunge. Mwingine asimulie, kwa Kiswahili, Kirundi, Kibembe, lugha yoyote inayomtoka bila shida. Halafu ndiyo mrudi kwenye Kiingereza mtafute kama kweli ndivyo kilivyosema. Kuna walimu wanaokataza lugha ya nyumbani darasani. Sijui wanapimaje kama mtu ameelewa, ikiwa lugha anayoweza kueleza nayo wameshaifunga mlangoni.

Nisiwapambie Tanzania. Miaka hiyohiyo, kuanzia mwishoni mwa 1973, serikali iliagiza watu wote wa mashambani wahamie vijijini kabla 1976 haijaisha, na mamilioni walihamishwa, wengi kwa nguvu, wengine nyumba zao zikachomwa. Sisi tunajua maana ya kufungasha usiku. Mwananchi aliyeulizwa maoni yake kuhusu choo hakuulizwa kuhusu nyumba yake.

Na kisomo chenyewe? Takwimu za serikali zilishuka vizuri: wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, wakawa asilimia 9.6 mwaka 1986. Ila ukisoma herufi bila kuwa na kitu cha kusoma, zinakutoka. Walilijua hilo mapema, ndiyo maana walianzisha maktaba za vijijini na gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililoanza Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya wasomaji wapya. Halafu uchumi ukaanguka. Vita na Idi Amin ilikula pesa, karatasi ikawa adimu, posho za walimu zikachelewa na vikundi vikafa kimoja kimoja. Sensa ya 2002 ilipouliza, karibu watu wazima 3 kati ya 10 walikuwa hawajui kusoma. Vipimo havikuwa sawa, sawa, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno.

Kwa hiyo ninyi mnaoleta mradi wa miezi sita wa kisomo, wenye picha za vyeti siku ya mwisho, swali langu ni la mwezi wa saba. Watasoma nini? Na ninyi mlio kwenye vikundi vya masomo, tuandikieni hapa chini: mnasoma kwa lugha gani, na nani anaulizwa baada ya kitabu kufungwa?