Mchanga Uliookoa Ukambani Sasa Wapakiwa Malorini

Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wa mito yake, lakini ugomvi bado haujaisha. Nairobi inajenga, malori yanashuka mitoni, na wenyeji wanalia kwamba wanaibiwa maji. Mgeni atashangaa: maji gani, na mto wenyewe ni mkavu?

Ukambani, nchi ya Wakamba inayojumuisha Makueni na Machakos, maji hukaa ndani ya mchanga. Mvua kubwa ikinyesha, mto hufurika kwa saa chache tu, kisha hukauka. Yaliyozama chini hubaki huko, jua lisiyafikie. Mama huchimba mpaka mchanga uanze kulowa, huchota maji machafu ya kwanza na kuyamwaga, halafu hungoja. Maji hujikusanya polepole, yakiwa yamechujwa. Ndipo mtungi wa lita 20 huanza kujazwa, kata baada ya kata, punda akisubiri ukingoni.

Lakini mchanga huu haukuonekana neema siku zote. Mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, alizunguka Machakos akarudi na ripoti ya kutisha: vilima vimemomonyoka, nchi inageuka jangwa la mawe na mchanga. Kwake mchanga ule ulikuwa dalili ya kifo. Serikali ikaamua kwamba ng'ombe ni wengi mno na lazima wapunguzwe. Wakaanza kunyakuliwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwangojea Athi River. Wakamba walikuwa na jibu lao: ng'ombe wamebanana kwa sababu malisho, vikiwemo Vilima vya Mua, yamechukuliwa na walowezi.

Mwishoni mwa Julai 1938 watu zaidi ya elfu moja, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliingia Nairobi kwa maandamano na kupiga kambi Kariokor. Walimtaka Gavana mwenyewe, Sir Robert Brooke-Popham. Gavana akakataa kuwaona mjini, akawaambia warudi kwao naye atawafuata huko. Hawakubanduka. Walikaa wiki kadhaa, na serikali ikawa na wasiwasi wa kweli, kwani Wakamba walijaa katika jeshi na polisi wake. Habari zilifika hadi Bunge la London. Mwezi Agosti Gavana akaenda Machakos kuhutubia baraza; baadaye Muindi akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Lakini unyakuzi wa ng'ombe ulisimamishwa. Shuleni tulifundishwa maandamano haya kama siasa tu, na ni kasoro, maana chanzo chake kilikuwa udongo na nani ana haki ya kuamua utatunzwa vipi.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia yakaja matuta ya kulazimishwa, chini ya macho ya machifu. Uhuru ulipofika, wengi waliyaacha yabomoke. Nani atatunza kazi ya shuruti?

Yaliyofuata yamesimuliwa vizuri na Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki katika kitabu chao cha mwaka 1994. Machakos ya zamani, iliyojumuisha Makueni, ilikuwa na watu wapatao 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kufikia 1990 walikaribia milioni 1.4. Hata hivyo mmomonyoko ulipungua. Watu walirudia matuta kwa hiari, hasa ya fanya juu, ambapo udongo wa mtaro hutupwa upande wa mlimani na mvua ya msimu hunaswa shambani. Vikundi vya mwethya, vilivyojaa wanawake, vilichimba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Huko Utooni, Joshua Mukusya na wenzake walianza mwaka 1978 safari iliyowafikisha kwenye mabwawa ya mchanga: ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba, kukatiza mto. Mafuriko hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na mchanga huo huweza kushika maji kufikia asilimia 40 ya ujazo wake.

Miaka ya 1980 tulimwona Rais Moi akibeba mawe ya gabioni mbele ya kamera. Baadaye wakubwa wakahamishia macho kwenye bwawa kubwa la Thwake, na kuta ndogo za vijijini zikaachiwa wafadhili na akina mama.

Ni kuta hizo ambazo lori sasa huzinyima kazi. Linapochota mchanga hadi mwambani, ukuta hubaki umesimama bila cha kushikilia maji, na visima vya jirani hushuka. Mchanga mpya hauji upesi, hasa pale ambapo matuta ya mwethya huko juu yanaushika udongo shambani, kama yalivyokusudiwa. Dereva hulipwa papo hapo kwa safari yake. Kikundi kilichobeba mawe kitasubiri mafuriko ya misimu kadhaa.